Ndoa za binamu na umaskini wa nchi: kipi kinamzaa mwenzake?

#1 Mpima Upepo
Wakuu, heshima kwenu. Chukua ramani ya dunia inayoonyesha nchi ambazo watu huoana binamu kwa wingi, iweke juu ya ramani ya rushwa na vita vya koo kwa koo. Zinakaribia kulaliana. Pakistan zaidi ya nusu ya ndoa ni za ndugu wa damu. Sudan, Yemen, Afghanistan, Iraki, nako ziko juu. Njoo Uswidi, Uholanzi au Kanada, binamu kuoana ni jambo la kutafuta kwa tochi.

Hoja yangu: nchi ambayo watu wanaoana ndani kwa ndani haiwezi kuendelea, maana kila mtu anautumikia ukoo na taifa linabaki yatima. Nipingeni kwa hoja, matusi pelekeni uzi mwingine.

#2 Mvunja Nazi
Qatar. Kuwait. Falme za Kiarabu. Saudia. Kote huko ndoa za ndugu ni karibu nusu au zaidi, na Qatar kipato kwa kichwa kinawapita hao Waswidi wako. Uzi ufungwe.

#3 Mpima Upepo
Mvunja Nazi, gesi na mafuta hazihesabiki. Ukichimba ardhini ukakutana na hela, utatajirika hata ukioa nani. Naongelea nchi zilizotajirika kwa kuzalisha na kuuza.

#4 Pweza Mkavu
Mleta mada kuna binamu amekukataa au? Sema tu tukufariji.

#5 Bibi Takwimu
Pweza umeanza mapema leo.

Mpima Upepo, ukitoa mafuta nitakupa mfano usio na mafuta hata tone. India. Kaskazini, Wahindu kwa kawaida hawaoani ndugu kabisa, mkiwa wa gotra moja (ukoo wa upande wa baba) ni mwiko, na kuna vijana wameuawa kwa kuuvunja. Kusini ni kinyume chake: mtoto wa mjomba ndiye mchumba wa kwanza kufikiriwa, na zamani hata mjomba kumwoa binti wa dada yake lilikuwa jambo la kawaida. Tamil Nadu, zaidi ya robo ya ndoa ni za ndugu. Karnataka hivyo hivyo.

Sasa linganisha Tamil Nadu na Bihar. Nani ana viwanda vya magari? Karnataka ndiko iliko Bengaluru, mji wa kompyuta wa India nzima. Bihar wanaokwepa ndugu zao ndio maskini kuliko wote. Kwa ramani yako ilitakiwa iwe kinyume.

Na Ethiopia je? Waamhara wanahesabu vizazi saba kabla ya kuruhusu watu kuoana. Vizazi saba! Kwa hoja yako Addis ingekuwa Uswisi.

#6 Mvunja Nazi
Bibi Takwimu umeua. Ongeza Japani: binamu kuoana ni halali kisheria hadi leo, na kabla ya vita kuu ya pili zilikuwa ndoa za kawaida vijijini. Wakati huo huo walikuwa tayari wanaunda meli na ndege za kivita.

#7 Dunga Sindano
Naona mnarukia uchumi wakati mlango wa kwanza ni hospitali. Nafanya kazi wodi ya watoto, nitaeleza taratibu.

Binamu wa kwanza wanachangia takribani moja ya nane ya jeni, asilimia 12.5. Mtoto wao ana nafasi ya moja kwa kumi na sita ya kurithi nakala ileile ya jeni kutoka pande zote mbili. Jeni mbovu nyingi zinahitaji nakala mbili ndipo ugonjwa utokee, na hapo ndipo penye tatizo. Utafiti mkubwa wa Bradford, Uingereza, uliochapishwa 2013, ulikuta hatari ya kasoro za kuzaliwa ikipanda kutoka kama asilimia 3 hadi 6 kwa watoto wa binamu. Kwa maneno mengine watoto 94 kati ya 100 hawana shida hiyo. Watu wengi wanadhani ni nusu kwa nusu.

Ila zidisha hiyo asilimia 3 ya ziada kwa nchi nzima, vizazi na vizazi. Damu ya kuongezwa kila mwezi kwa mtoto wa thalasemia (ugonjwa wa damu wa kurithi), shule za viziwi, mzazi mmoja kuacha kazi akae nyumbani. Mzigo huo hakuna anayeuandika kwenye bajeti kama "ndoa za ndugu", lakini upo.

#8 Ummu Ilham
Mimi nimeolewa na mtoto wa ami yangu, nasoma hapa kama vile nimekaa kizimbani.

Watoto wetu wazima alhamdulillahi. Nilipotaka kusoma baada ya kujifungua wa kwanza, mama mkwe ndiye aliyeninyonyeshea kwa chupa na kunisukuma nirudi chuoni. Kwa nini? Kwa sababu ni mama yangu mdogo kabla ya kuwa mama mkwe, alinijua tangu natambaa. Rafiki zangu walioolewa mbali wengine waliambiwa chagua, chuo au ndoa. Msiseme ndoa hizi zinarudisha maendeleo nyuma bila kuuliza maendeleo ya nani.

Dada yangu naye kaolewa na ndugu wa mume wangu. Mtoto wao wa pili hasikii. Kwa hiyo Dunga Sindano sikupingi, naishi na pande zote mbili.

#9 Dunga Sindano
Ummu Ilham shukrani. Na kama hajapimwa usikivu akiwa mdogo, wadogo zake wapimwe wakizaliwa tu. Vifaa vya kusaidia kusikia vikianza mapema lugha haipotei.

#10 Msomi wa Usiku
Mnapiga kando. Hoja nzito zaidi haihusu jeni, inahusu kuaminiana, na mzizi wake uko Ulaya ya kale.

Kanisa la Magharibi lilianza kubana ndoa za ndugu mapema sana, hadi karne ya 11 likafika kukataza jamaa wa digrii ya saba, yaani wenye babu mmoja vizazi saba nyuma. Mtaguso wa Laterano (mkutano mkuu wa Kanisa) wa 1215 ukapunguza hadi ya nne, maana watu vijijini walikuwa wamekosa wa kuoa. Mwaka 2019 kundi la watafiti akiwemo Joseph Henrich wa Harvard walichapisha kazi kwenye jarida la Science wakisema hivi: marufuku hiyo ilizivunja koo za Ulaya. Mtu akilazimika kuoa mbali, ukoo unatawanyika, watu wanaanza kujiunga na vyama vya mafundi, miji yenye mamlaka yake, vyuo vikuu. Wanajifunza kumwamini mgeni. Biashara kubwa inataka hilo.

Na hawakuishia kwenye ramani ya nchi kwa nchi kama ya mleta mada. Waliingia ndani ya Italia. Mikoa ya kusini ambako binamu walioana zaidi (inajulikana kwa sababu ilibidi waombe ruhusa Kanisani, na barua zipo), watu wanachangia damu kidogo, wanapenda noti mkononi kuliko hundi, na wakitaka mkopo wanaenda kwa jamaa kuliko benki. Nchi moja, dini moja, serikali moja.

#11 Mpima Upepo
HICHO! Msomi wa Usiku kanisemea. Undugunaizesheni unaanzia kitandani.

#12 Nahodha Nchi Kavu
Ngoja kidogo Msomi. Kusini mwa Italia kulikuwa na mabwanyenye, malaria na utawala wa kigeni kwa karne nyingi. Unajuaje kilichowafanya wasiamini benki ni ndoa na si hayo mengine? Hata mimi ningetawaliwa namna ile ningeficha hela kwenye godoro.

Halafu unasahau Uingereza. Henry wa Nane mwaka 1540 alipitisha sheria iliyofungua mlango kwa binamu kuoana. Tangu hapo ni halali, na Uingereza ndiyo iliyoanza mapinduzi ya viwanda. Charles Darwin alimwoa binamu yake Emma Wedgwood mwaka 1839. Wedgwood ni wale wa viwanda vya vyombo vya udongo. Rothschild wa benki karne ya 19 walikuwa wanaoana wenyewe kwa wenyewe, James alimwoa binti wa kaka yake. Yaani benki kubwa kuliko zote Ulaya ilijengwa kwa ndoa hizohizo mnazosema zinaua benki.

#13 Pweza Mkavu
Henry huyo alipitisha sheria kwa kupenda uhuru wa wananchi au?

#14 Nahodha Nchi Kavu
Hahaha. Alikuwa anamtaka Catherine Howard, ambaye ni binamu wa Anne Boleyn aliyemkata kichwa. Kwa sheria ya Kanisa ndugu wa mke wa zamani ni kama ndugu yako. Akaona isiwe tabu, sheria ikabadilishwa. Catherine naye akakatwa kichwa.

#15 Pweza Mkavu
Kumbe kuoa ndugu si tatizo, tatizo ni kuolewa na Henry.

#16 Msomi wa Usiku
Nahodha, Uingereza ya Darwin ndoa za binamu zilikuwa chache. Mtoto wake George alizihesabu mwaka 1875: kwa matajiri wa juu asilimia 4 na ushee, London kwa watu wa tabaka zote kama asilimia 1.5. Kitu kuwa halali na kitu kuwa desturi ya watu wengi ni mambo mawili. Rothschild ni familia moja, hawakuwa nchi.

#17 Hesabu za Jioni
Nimekuwa mhasibu kwenye kampuni ya ukoo, nitaeleza kilivyo kwa ndani.

Mwenye kampuni aliwaoza mabinti zake wawili kwa watoto wa kaka yake. Mkwe mmoja akawa msimamizi wa ghala. Kila mwisho wa mwezi hesabu ya mzigo ulioingia na uliotoka haifungi. Nikapeleka karatasi, nimeweka alama nyekundu kila penye pengo. Mzee akazisoma zote, taratibu, miwani puani. Akaniuliza, "Sasa nikimfukuza, binti yangu atalala wapi? Na kaka yangu nitamtazamaje msibani?" Karatasi akazikunja akaweka droo. Mwezi uliofuata mapengo yaleyale.

Mtu baki angefukuzwa siku ileile. Lakini nisidanganye, kampuni hiyohiyo ilipokaribia kufilisika, ni kaka huyo aliyeuza kiwanja chake akaleta hela bila riba wala maandishi. Benki zilikuwa zimeshafunga milango. Kwa hiyo kila mkisema "kuaminiana", mjue kunakata kote kote.

#18 Mvunja Nazi
Nimesoma ya Hesabu za Jioni mara mbili. Hiyo ni bima. Asiye na bima wala benki wala mahakama inayofanya kazi, anajikatia bima kwa mtoto wake.

#19 Bibi Takwimu
Mvunja Nazi umegusa penyewe, na kuna ushahidi. Bangladesh. Miaka ya 1980 lilijengwa tuta la kuzuia mafuriko eneo la Meghna-Dhonagoda. Upande mmoja wa mto mashamba yakawa salama, upande wa pili yakabaki kumezwa na maji. Watu ni walewale, dini ileile, desturi zilezile. Watafiti wakaja kuangalia ndoa: upande uliolindwa, ndoa za ndugu zikapungua.

Sababu ni kwamba kule upande wa binti ndio unaolipa mahari, tena mahari nzito. Ukiwa huna, unamwoza kwa ndugu ambaye atakubali kidogo, au atakubali kulipwa polepole kwa miaka kwa sababu anajua hutakimbia. Shamba likikaa sawa, unaweza kulipa papo hapo na kumwoza mbali.

Kwa hiyo Mpima Upepo, mshale wako huenda umeugeuza. Umaskini ndio unaoleta ndoa za ndugu. Mafanikio yakija, zinapungua zenyewe.

#20 Mpima Upepo
Mbona basi Saudia mafanikio yalikuja na hazikupungua? Mvunja Nazi ameniletea Ghuba akinipinga. Hamuwezi kuitumia mara mbili, huku na huku.

#21 Bibi Takwimu
Hapo kuna kitu, nakubali kuna kitu. Jibu langu ni kwamba ukiwa tajiri wa mali unakuwa na sababu nyingine: mali isitoke nje. Maskini anaoza ndani kwa kukosa, tajiri anaoza ndani kwa kuogopa kugawa. Wa kati ndiye anayeoa mbali.

#22 Nahodha Nchi Kavu
Nadharia inayoeleza maskini, tajiri na wa kati kwa pamoja inanitia shaka. Haiwezi kukosea popote.

#23 Kijana wa Reli
Nyote mmesahau dini. Uislamu unaruhusu binamu, Ukristo unakataza. Ramani yote ni hiyo.

#24 Ummu Ilham
Kuruhusu na kuamrisha ni tofauti ndugu. Indonesia ni miongoni mwa nchi zenye Waislamu wengi zaidi duniani na ndoa za binamu kule ni chache. Malaysia vivyo hivyo. Bangladesh ndoa hizo ni chache mbali sana kuliko Pakistan, na walikuwa nchi moja hadi 1971. Na Ukristo upi unakataza? Waprotestanti wengi wanaruhusu, Darwin alifunga kanisani.

#25 Msomi wa Usiku
Namuunga mkono Ummu Ilham. Naongeza Uchina, walipiga marufuku mwaka 1950 na wala si Wakristo.

#26 Bibi Takwimu
Msomi, sheria ya 1950 iliacha suala la binamu lifuate mila. Marufuku kamili ilikuja na sheria ya ndoa ya 1980. Korea ndiyo kali zaidi: hadi 1997 watu wenye jina moja la ukoo na asili moja hawakuweza kuoana kabisa, hata kama ni mamilioni ya Kim wasiojuana. Mahakama ya katiba ndiyo iliyofuta. Na Korea Kusini ilitajirika kipindi ambacho marufuku hiyo bado ipo. Mpima Upepo huo nakupa bure.

#27 Mpima Upepo
Naupokea kwa mikono miwili.

#28 Nahodha Nchi Kavu
Na Korea Kaskazini ni watu walewale wenye mila zilezile za ukoo. Ukipokea wa kusini pokea na wa kaskazini.

#29 Gombo la Kale
Nimekuwa msomaji kimya, ila kuna kazi moja ya Marekani iliyochapishwa 2023 inafaa hapa. Kuanzia karne ya 19, Kansas 1858 ikiwa miongoni mwa za mwanzo, majimbo yalianza kupiga marufuku binamu kuoana, moja baada ya jingine, mengine hadi leo hayajagusa. Hilo ni jaribio zuri kwa sababu unaweza kulinganisha kabla na baada.

Watafiti walichukua mamilioni ya kumbukumbu za ndoa na kutazama bwana na bibi arusi wenye jina moja la ukoo, kama alama ya undugu. Kisha wakafuata familia zilizokuwa na ndoa hizo kwa wingi. Baada ya marufuku, watoto wao walitoka mashambani wakahamia mijini, wakatawanyika sehemu nyingi zaidi, na polepole wakaingia kazi zenye malipo bora. Watafiti wanasema chanzo ni ukoo kulegea, si jeni kubadilika.

Nachokipenda ni kwamba hakihitaji mtu kuwa mbaya. Ukioa kwa ami, shamba liko pale, wakwe wako pale, sababu ya kuondoka ni ipi?

#30 Hesabu za Jioni
Gombo la Kale, hili la shamba ngoja nilikazie. Shamba la babu halijawahi kugawanywa, hati bado ina jina la marehemu, na kwa kuwa wajukuu wameoana hakuna anayedai fungu lake, kwani fungu la mke na la mume ni udongo uleule. Amani tele. Siku mmoja akitaka mkopo wa kuchimba kisima, benki inauliza mmiliki nani. Sahihi zinatakiwa za watu ambao wengine wako ng'ambo na mmoja hasemi na mwenzake tangu msiba wa shangazi. Kisima hakichimbwi. Nimeona mafaili ya namna hii yakirudishwa hadi karani akawa anawajua wateja kwa majina ya mababu zao.

#31 Kijana wa Reli
Hilo si tatizo la ndoa, ni la kutofungua mirathi. Koo zisizooana nazo zinalo, tena kwa ngumi.

#32 Pweza Mkavu
Nasikia Iceland wana programu ya simu mnagonganisha simu zenu inakwambia kama ni ndugu. Kweli hii au ni chai?

#33 Gombo la Kale
Kweli. Ilitoka 2013, inatumia hifadhi ya nasaba iitwayo Íslendingabók. Taifa ni dogo, karibu wote ni ndugu ukirudi nyuma. Na watafiti wa huko mwaka 2008 walikuta wanandoa ambao ni ndugu wa mbali, kiwango cha vilembwe (watoto wa vitukuu) wa babu mmoja hivi au kuzidi kidogo, ndio wenye wajukuu wengi kuliko wa karibu sana au wasio ndugu kabisa. Nchi tajiri hiyo, Mpima Upepo.

#34 Mpima Upepo
Kilembwe si binamu. Msinihamishie magoli.

#35 Shangazi Mkali
Wanaume mmeongea kurasa tatu kuhusu ardhi, benki na viwanda. Binti kaulizwa?

Vijijini Pakistan kuna ndoa za kubadilishana, watta satta: mimi nakupa dada yangu, wewe unanipa wako. Ni kama theluthi ya ndoa kule. Wachumi waliochunguza walikuta wanawake wa ndoa hizo wanapigwa na kutelekezwa kidogo kuliko wengine, kwa sababu ukimpiga wangu nami wako ninaye. Yaani usalama wa mwanamke umewekwa rehani kwa mwanamke mwingine. Mkiita hiyo bima, sawa, lakini aliyewekwa dhamana hakusaini popote. Na binti anayejua tangu utoto ataolewa na nani, baba anamsomesha ili iweje?

#36 Ummu Ilham
Shangazi, mimi niliulizwa na nikasema ndiyo. Tusizikusanye zote kapu moja. Ila dada yangu, sina hakika aliulizwa kwa namna ambayo angeweza kusema hapana.

#37 Dunga Sindano
Swali la vitendo: sheria ikataze? Norwei imepiga marufuku mwaka 2024, jimbo la Tennessee la Marekani nalo mwaka huohuo. Saudia wamechukua njia nyingine tangu 2004, kupima selimundu na thalasemia ni lazima kabla ya ndoa, ila uamuzi unabaki kwenu. Cyprus walianza zamani kwa kusaidiana na Kanisa, ukitaka kufunga ndoa lete cheti cha kipimo, na watoto wanaozaliwa na thalasemia wamekaribia kwisha kabisa. Mimi naegemea Cyprus. Kukataza kunasukuma watu kuoana bila kusajili, na mwanamke asiye na cheti cha ndoa ndiye anayeumia.

#38 Msomi wa Usiku
Kipimo kinatibu hoja yako ya hospitali. Hoja yangu ya kuaminiana haiponi kwa kutolewa damu.

#39 Kijana wa Reli
Bibi Takwimu rudi kidogo kwenye India yako. Kerala iko kusini, na ndoa za ndugu ni chache sana, asilimia chini ya kumi, mbali na Tamil Nadu. Na Kerala ni miongoni mwa majimbo yanayoongoza kwa kusoma na kuandika na kwa afya ya watoto. Mfano wako umekatika katikati.

#40 Bibi Takwimu
Haujakatika. Wanayar, jamii moja ya Kerala, zamani walikuwa wanaoa mtoto wa mjomba kama jirani zao, na mali ilipita upande wa mama. Shule zilikuja, sheria za urithi zikabadilishwa, vijana wakaenda Ghuba kutafuta kazi, ndoa zikapungua. Elimu kwanza, ndoa baadaye. Ni tuta la Bangladesh lilelile.

#41 Mpima Upepo
Vijana wakaenda Ghuba. Kwa hao hao wanaooana binamu, wakalipwa na mafuta. Bibi Takwimu, unaniachaje hapo?

#42 Mvunja Nazi
Mafuta si ulisema hayahesabiki?